Waraka wa Mama kwa Binti Yake

Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya manne: waraka, wino, wasia, utendi. Nitangoja kidogo.

Haya, tuendelee. Siku moja mama mmoja wa makamo, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi, aliniuliza swali. Alisema, “Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza ili nisome barua ya mwanangu bila kumpa jirani anisomee, nami nijue karani wa pamba ameandika kilo ngapi. Sasa mashairi na hadithi ni za nini? Hayo si ya watoto wa shule?”

Swali hilo ni la haki. Barua yako ikisomwa na mtu mwingine, siri yako imo kinywani mwake. Na asiyejua tarakimu hupunjwa mchana kweupe. Siku ile sikumjibu vema. Leo nitajaribu tena, na jibu langu ni habari ya mwanamke mwingine, aliyeishi zamani.

Jina lake Mwana Kupona binti Msham. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, karibu na Lamu. Mume wake alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu. Siyu ni mji mdogo, lakini katika miaka ya 1840 watu wake walimsumbua sana Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alipeleka majeshi kuutiisha, na majeshi yale yalishindwa. Habari za vita hivyo zimo katika vitabu vya historia, pamoja na majina ya majemadari na idadi ya majahazi.

Bwana Mataka akafa mwaka 1856. Mwana Kupona akabaki mjane, na afya yake haikuwa njema. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, msichana wa yapata miaka 17. Fikirini hali ya mama huyo. Baba wa mtoto hayupo. Mama mwenyewe ni mgonjwa, naye ajua kuwa huenda asimwone binti yake akitulia katika nyumba yake. Mambo ya kumwambia ni mengi, na siku ni chache. Angefanya nini?

Aliandika. Mwaka 1858 alitunga utendi, yaani shairi refu, lenye beti zaidi ya mia moja. Mwanzoni kabisa anamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni ya kumwambia. (Watu wa kaskazini husema utendi, sisi wengine husema utenzi. Ni kitu kimoja.) Kisha asema kwamba maneno hayo yawe kwa binti kama hirizi ya kujifunga, tena kama kidani cha kujipamba. Hakika mama huyu hakuwa na haja ya kufundishwa faida ya kuandika.

Hapa yafaa tusimame, maana wengi hudhani kuwa kusoma na kuandika kulikuja Afrika ya Mashariki pamoja na shule za Wazungu. Sivyo. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Utendi wa Tambuka uliandikwa huko huko Pate mwaka 1728, yaani miaka 130 kabla ya utendi huu. Na miongoni mwa waliojua kalamu walikuwamo wanawake.

Lakini si wote waliojua. Kwa nini basi Mwana Kupona hakuandika barua ya kawaida? Nadhani sababu imo katika umbo la utendi wenyewe. Kila ubeti una vipande vinne vifupi, na kila kipande kina silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza vina mwisho mmoja. Kipande cha nne kina mwisho wake, na mwisho huo ndio ule ule katika kila ubeti, tangu wa kwanza hata wa mwisho. Maneno yaliyopangwa hivyo hayasahauliki upesi. Asiyejua kusoma huyasikia mara chache, akayashika. Barua huchakaa, lakini utendi huingia katika vichwa vya watu wengi. Naye alitaka hivyo, kwa kuwa mwishoni anawaambia wanawake wote wausome na kuufahamu.

Ndani ya utendi mna nini? Mna dini na adabu. Mna wasia wa kumheshimu mume, kumpendeza, kuiweka nyumba safi, kuwakirimu watu. Anakumbuka pia maisha yake na mumewe, jinsi walivyoishi bila ugomvi, na jinsi mume alivyomwonyesha radhi yake siku ya kufa. Mahali hapo ni pazuri sana. Vitabu vya vita vyamtaja Bwana Mataka kuwa adui wa Sultani. Ni mjane wake tu atuambiaye alikuwa mume wa namna gani.

Kuna na mambo mengine. Anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Tusilipite jambo hili kimya. Nyumba ile ilikuwa na watumwa, na mama mwema huyu hakuona ajabu. Hakuna mwanahistoria aliyemwuliza. Kalisema mwenyewe, kwa kawaida tu, kama mtu asemaye habari ya vyungu vya jikoni. Mimi kila nikifika hapo moyo hunipoa. Hata hivyo nashukuru kwamba hakuna aliyekifuta, maana twaona jinsi mtu mwenye huruma kwa mwanawe awezavyo kutowaona watu wengine walio mbele yake.

Na ule wasia wa mke kumtii mume? Katika darasa moja niliwasomea, wakagawanyika. Mabibi wawili wazee walisema ni kweli tupu. Msichana mmoja akasema, “Mbona hakumwandikia utendi mwanamume?” Watu wakacheka, lakini mabishano yakaendelea mpaka taa ikaanza kuzimika. Mwanamke aliyetunga zaidi ya miaka 160 iliyopita alikuwa akibishana na msichana yule, naye msichana alikuwa akimjibu. Stakabadhi ya pamba haifanyi hivyo, ingawa ni lazima kuijua.

Mwana Hashima aliishi miaka mingi baada ya mama yake. Karne ya 20 ilimkuta hai. Utendi ulinakiliwa kwa mkono, ukatembea pwani. Mwaka 1917 Bibi Alice Werner, mtaalamu Mwingereza wa lugha, aliupiga chapa, na mwaka 1934 ukatolewa tena, yeye pamoja na William Hichens.

Njia aliyoipita mama yule haikufungwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufa mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali. Mke wake alifariki, akamwachia watoto. Naye alitunga tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hakuwa na mali ya kuwagawia. Siku hizi tenzi hizo zasomwa na watoto wasio wake, katika nchi asizozitembelea.

Walimu wa madarasa, sasa futeni ubao. Kila mwanafunzi na aandike sentensi tatu tu, kwa mtu mmoja anayempenda: neno ambalo hajapata kumwambia. Makosa ya herufi si kitu. Msimlazimishe mtu kusoma yake kwa sauti. Kisha darasa lijadili hili: katika wasia wa Mwana Kupona, lipi ungempa binti yako, na lipi ungeliacha? Wanaume nao wajibu.