Kuuma Risasi na Kupiga Moyo Konde

Mpwa wangu, ambaye yumo katika mwaka wake wa pili wa kusoma Kiingereza na ambaye kila Alhamisi jioni huniletea daftari lake barazani nimsahihishie, alinisomea juma lililopita habari ya karani mmoja aliyeumwa na jino majuma matatu asithubutu kumwendea mganga wa meno, hata siku moja, kwa tafsiri ya mpwa wangu, "akauma risasi, akaenda kung'olewa." Nikamwuliza yeye mwenyewe amefahamu nini katika maneno hayo, naye akanijibu kwa adabu, "Nafahamu, mjomba, ya kwamba jino lilikuwa bovu tangu hapo, na ile risasi ndiyo iliyolimaliza."

Sikumlaumu. Waingereza husema "bite the bullet", na kila neno katika hayo limo kamusini, ila maana yake haikukaa katika maneno yenyewe, bali katika desturi ya kikatili ya askari wao wa zamani, ambayo asiyeipata habari yake hana njia ya kuufungua msemo huo.

Francis Grose, mwandishi aliyepata pia kuwa kapteni wa wanamgambo, alitoa London mwaka 1785 kamusi ya lugha ya mitaani, na katika chapa ya 1796, iliyotoka yeye akiwa amekwisha kufariki, imeelezwa ya kwamba askari aliyelia chini ya mjeledi wa nyuzi tisa aliitwa na wenziwe kwa jina la ndege wa Ulaya aimbaye usiku. Na kwa kuwa katika vikosi vingine kulia namna hiyo kulihesabiwa kuwa ni fedheha kubwa, mtu aliyekwenda kupigwa alitia risasi kinywani akaitafuna, ili sauti isimponyoke. Hapa lugha yetu yatusaidia kufahamu jambo ambalo Mwingereza wa leo aghalabu hulisahau, maana neno risasi, tulilolipata kwa Waarabu, ni jina la ile madini nzito na laini ambayo wavuvi huifanyia chubwi, kabla ya kuwa jina la kitu kitokacho katika bunduki. Na popoo za zama zile zilikuwa za risasi tupu, ambayo meno huweza kuididimia bila ya kuvunjika.

Wapo wasimuliao ya kwamba msemo ulizaliwa katika matibabu ya vita, kabla ya mwaka 1846, etha ilipoonyeshwa hadharani mjini Boston, na wa 1847, daktari Simpson wa Edinburgh alipoleta nusukaputi, zama ambazo majeruhi alikatwa mguu naye yu macho. Na wapo wauegemezao kwenye maasi ya askari wa Bara Hindi ya mwaka 1857, waliokataa kung'ata viasi vilivyosemekana kupakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Hawa wa pili nawakatalia waziwazi: kilichong'atwa kule kilikuwa ni karatasi ya kiasi ili baruti imwagike, si risasi, na kamusi ya Grose imewatangulia kwa miaka sitini. Alipofika mwandishi Kipling kuutia msemo huo katika riwaya yake ya 1891, mjeledi ulikuwa umekwisha kufutwa jeshini miaka kumi nyuma, na maneno yalikuwa yamebaki kuwa mfano tu.

Basi mfano huo wabeba mambo mawili: kwanza, kuna machungu yasiyoepukika, pili, mtu aliyekuwa akiyaahirisha amekata shauri ayakabili bila ya kelele. Si ushujaa wa kushambulia, wala si ujasiri wa mtu asiyeijua hofu. Watoto wetu waliopita jandoni waujua vema ushujaa wa namna hii, maana mbele ya ngariba hakuna adui wa kupigana naye, ila kuna sauti ya kuizuia.

Kuyafasiri maneno neno kwa neno, kwa hiyo, ni kosa, na kwa msomaji wa Tanzania ni kosa lenye hatari yake, kwani atakaposikia mtu na risasi, na mtu huyo hakudhurika, fikra zake zitamwendea Kinjikitile wa Ngarambe, na ile dawa ya 1905 ambayo watu waliamini kuwa itazigeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Karani mwenye jino bovu atakuwa amepata uganga asiokuwa nao!

Nilimshauri mpwa wangu aandike "akapiga moyo konde", nahau ambayo naipenda kwa sababu ndani yake mtu hujipiga yeye mwenyewe, moyo ukiwa ni kama punda aliyesimama njiani. Kujikaza kwatosha kwa maumivu yenyewe, lakini hakuonyeshi ile saa ya kukata shauri, na kumeza shubiri kwaonyesha uchungu, wala hakuonyeshi hofu iliyotangulia. Nikiri, hata hivyo, ya kwamba kupiga moyo konde kwatumika pia kwa mfiwa anayejiliwaza, ambaye hana la kuchagua, na hapo nahau yetu ni pana kuliko ya Waingereza. Yule aliyesema ya kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga alikaribia zaidi, ila methali nzima haiingii katika sentensi ya karani bila ya kuilemea.

Alhamisi iliyofuata kijana alirudi na daftari. Shauri langu alikuwa amelifuta kwa mstari mmoja mwembamba, kwa heshima, na chini yake ameandika: "Usiku wa ishirini na moja hakulala, kulipokucha akasema liwalo na liwe, akavaa viatu, akaenda kung'olewa jino." Nilitafuta pa kusahihisha, nikaongeza nukta iliyosahauliwa mwishoni mwa ukurasa.