Jina, Salamu na Mpaka: Historia ya Mawasiliano baina ya Tamaduni Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mawasiliano baina ya tamaduni katika Wilaya ya Kasese na mji wa mpakani wa Bwera, magharibi mwa Uganda, tangu Mkataba wa Toro wa 1900 hadi mlipuko wa Ebola wa 2018–2020. Hoja kuu ni kwamba kutoelewana katika eneo hili hakukutokana na uhaba wa lugha ya pamoja. Kulitokana na upande wenye madaraka kuamua peke yake jina, lugha na masharti ya mazungumzo. Makala yanabainisha vipindi ambavyo mazungumzo yalifaulu, na yanapendekeza namna Kiswahili kinavyoweza kuimarishwa huko bila kurudia kosa hilo.

1.0 Utangulizi

Katika kituo cha Mpondwe, karibu na Bwera, mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufuata mto mdogo. Upande wa Uganda jina lake huandikwa Lhubiriha. Upande wa Kasindi, Kongo, huandikwa Lubiriha. Mto ni mmoja, na wanaouvuka kwenda sokoni, hospitalini, harusini na mazikoni kwa sehemu kubwa ni watu wa jamii moja. Uganda huitwa Wakonzo, Kongo huitwa Wanande, nao wenyewe hujumuika kwa jina la Bayira.

Tofauti hiyo ya maandishi inaonekana pia katika majina ya watu. Bwambale na Kambale, Masereka na Kasereka, Kule na Kakule: anayesoma orodha za ofisi mbili za mpakani anaweza kudhani ni majina ya makabila mawili. Kwa wenyeji ni majina yaleyale, yanayotaja nafasi ya mtoto wa kiume katika mfululizo wa kuzaliwa: wa pili, wa tatu, wa nne. Mpaka uliowekwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910 ulizalisha tawala mbili, shule za lugha mbili za kigeni na tahajia mbili. Haukuzalisha jamaa wawili.

Kutokana na mfano huu makala yanauliza swali la kihistoria: pale watu wa Kasese na Bwera walipokutana na tamaduni nyingine, kwa masharti ya nani mazungumzo yalifanyika?

2.0 Adabu mbili katika ofisi moja

Mkataba wa Toro wa 1900, uliotiwa saini kati ya Waingereza na Omukama Kasagama, uliziweka nchi za Busongora na Bwamba chini ya ufalme wa Toro. Kwa Wakonzo na Waamba hilo lilikuwa na maana ya kila siku: shule, mahakama, kodi na kanisa viliendeshwa kwa Kitooro. Upinzani ulianza mapema. Kati ya 1919 na 1921 Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza uasi milimani, na mwaka 1921 serikali ya kikoloni iliwanyonga.

Tatizo halikuwa kwamba lugha hizi hazikaribiani. Kitooro na Kikonzo zote ni lugha za Kibantu, na wengi walijua zote mbili. Tofauti iliyoumiza zaidi ilikuwa katika adabu. Watooro huamkiana kwa empaako, yaani majina ya heshima na mapenzi kama Amooti, Abwooli, Akiiki na Adyeri. Kumwamkia mtu bila kuulizia empaako yake huonekana upungufu wa malezi. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa Mtooro, empaako ni mlango wa ukarimu. Mkonzo, ambaye jina lake la heshima ni lile lililotaja nafasi yake nyumbani, alifika mbele ya mlango huo bila ufunguo. Jambo ambalo upande mmoja ulilitoa kama ukarimu, upande wa pili uliweza kulipokea kama kumbusho kwamba hapo si kwao.

Tofauti za namna hii huwa hazileti vita zenyewe. Watu huzitania, hujifunza, hata huoana juu yake. Zinageuka kuwa jeraha pale ambapo cheo, ardhi na masomo vinategemea kufuata adabu ya upande mmoja tu.

3.0 Kutoka chama cha historia hadi uasi

Ni jambo la kuzingatiwa na watafiti kwamba vuguvugu la Rwenzururu lilitanguliwa na utafiti. Katika miaka ya 1950 mwalimu Isaya Mukirane alianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo. Kabla ya kudai wilaya, wanachama wake walitaka kwanza kusimuliwa kwa jina lao.

Katika maandalizi ya uhuru, wajumbe wa Kikonzo na Kiamba katika Rukurato, baraza la Toro, walidai katiba iwataje kuwa makabila yanayolingana na Watooro. Dai lilikataliwa, wakatoka barazani. Mukirane na wenzake Yeremiya Kawamara na Petero Mupalia walikamatwa, na tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ikatangaza kujitenga. Tume iliyoongozwa na Dakta Ssembeguya ilikubali kwamba malalamiko yalikuwa na msingi, lakini haikuunga mkono wilaya ya peke yake. Wakonzo walisikilizwa, ila jibu lilikuwa limekwisha wekewa mipaka.

Mwaka 1963 serikali ya Obote ilimtumia mwandishi Mwingereza Tom Stacey, aliyewahi kuzunguka milima hiyo pamoja na Mukirane, kwenda kumsihi arejee. Stacey alikuwa na urafiki, alikuwa na imani ya mwenyeji wake, na alipanda mlima kwa miguu. Hata hivyo safari yake haikuzaa suluhu, kwa sababu alibeba wito wa kurudi na hakuwa na mamlaka ya kutoa kile kilichodaiwa. Mpatanishi mwema hawezi kuziba pengo la utambuzi ambao waliomtuma hawajaukubali.

Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliunda wilaya mbili mpya kutoka Toro, moja ikiwa ile ambayo leo ni Kasese. Swali la kutambuliwa lilipopata jibu hilo la kiutawala, hali ya mazungumzo ilibadilika. Tarehe 15 Agosti 1982 Mumbere alishuka na wafuasi wake na kukabidhi silaha. Mpatanishi safari hii alikuwa Amon Bazira, mwanasiasa Mkonzo. Makubaliano yaligusa nafasi za uongozi kwa wenyeji na masomo kwa vijana. Bazira alijua lugha, lakini pia alikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Historia haikuishia hapo. Serikali iliutambua Obusinga bwa Rwenzururu mwaka 2009, na sasa Wasongora na Wanyabindi wakauliza swali ambalo Wakonzo waliwahi kuwauliza Watooro: je, sisi tunatajwa kwa jina la nani? Mwezi Novemba 2016 mapambano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa kifalme mjini Kasese yaligharimu maisha ya watu zaidi ya 100. Aliyetambuliwa naye ana deni la kutambua wengine.

4.0 Kiswahili: amri, mgodi na soko

Kiswahili kimeingia Kasese kwa njia tatu zenye kumbukumbu tofauti. Njia ya kwanza ni ya jeshi na polisi. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 lugha hiyo ipanuliwe katika elimu ya Uganda, Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa waliipinga. Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ilizidi kunasibishwa na bunduki.

Njia ya pili ni ya mgodi. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikachimbwa hadi 1982. Wachimbaji walitoka Kigezi, Nile Magharibi, Kenya, Rwanda na Kongo, na Kiswahili kikawasaidia kupeana maelekezo chini ya ardhi na utani juu yake. Njia ya tatu ni ya soko la Mpondwe, ambako Kiswahili cha Kongo, chenye maneno ya Kifaransa na kiambishi bi- mahali pa vi-, hutumika kupatana bei.

Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, itakayotumika kwa namna Bunge litakavyoweka kisheria. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sera hizi zinafika mahali ambapo lugha hii tayari ina sura mbili: ya mtoa amri na ya mshirika wa biashara. Itakayoimarika inategemea nani ataibeba.

5.0 Mtihani wa Ebola

Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, nchi ya Wanande. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Upinzani dhidi ya watoa huduma ulikuwa mkali. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, ugonjwa ukitajwa kuwa mojawapo ya sababu, wengi waliona afya imetumika kuwanyima kura. Ujumbe nao uliwafikia mara nyingi kwa Kifaransa au Kiswahili sanifu. Shirika la Translators without Borders lilionyesha kwamba wakazi wengi walihitaji Kiswahili cha kwao na Kinande.

Mwezi Juni 2019 familia iliyomzika babu yao Kongo ilivuka kuingia Kasese. Mtoto mmoja alipelekwa Hospitali ya Kagando, kisha Bwera, na tarehe 11 Juni Ebola ikathibitishwa. Wagonjwa watatu waliothibitishwa katika familia hiyo walifariki, lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Sababu ni nyingi. Wahudumu wa afya wa mstari wa mbele walikuwa wameanza kuchanjwa tangu Novemba 2018, na wahudumu wa vijiji walizungumza na jirani zao kwa lugha ya nyumbani. Nchi mbili ziliafikiana jamaa waliokubali warudishwe Kongo, karibu na familia na tiba za majaribio zilizokuwa huko.

Tukio hili linarudisha suala la majina. Ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa hutegemea orodha. Afisa asiyejua kwamba Masika ni mzaliwa wa kwanza wa kike katika nyumba nyingi, au kwamba Kambale wa Kasindi ni Bwambale wa Bwera, anaweza kumtafuta mtu asiyekuwepo na kumwacha aliyepo. Vivyo hivyo, anayeliita safari ya nje tendo la kwenda kwa mjomba ng'ambo ya mto hataambiwa safari hizo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia ya Kasese na Bwera inaonyesha kwamba kujua lugha ya mwenzako ni hatua muhimu, lakini haitoshi pale ambapo swali lake limekwisha kukataliwa kabla hajafungua kinywa. Kutokana na hoja hiyo, makala yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, ufundishaji wa Kiswahili Kasese uende sambamba na Kikonzo, Kitooro na lugha nyingine za wilaya, wala usichukue nafasi yake. Eneo lililoasi kwa sababu ya lugha ya shule halipaswi kupewa sababu hiyo mara ya pili.

Pili, taarifa za afya, forodha na usalama mpakani zijaribiwe kwa wasikilizaji wa pande zote mbili kabla ya kutolewa, na Kiswahili cha Kongo kihesabiwe kuwa rasilimali badala ya kosa la kusahihishwa.

Tatu, mafunzo ya maofisa wanaohamishiwa Kasese yajumuishe salamu, mpangilio wa majina na historia ya 1962. Afisa atakayejifunza kumuuliza mwananchi jina lake linamaanisha nini, kabla ya kuliandika, atakuwa ameanza mazungumzo mahali ambapo Mukirane alitaka yaanzie.