Eneo la maumbo ya maneno

Eneo la maumbo ya maneno ni sehemu ndogo ya gamba la ubongo, upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, inayotambua herufi na maneno yaliyoandikwa. Hakuna anayezaliwa nalo likiwa tayari kwa kazi hiyo: maandishi yana miaka 5,000 hivi tu, muda mfupi mno kwa ubongo kuumbika kwa ajili yake.

Fununu ya kwanza ilitoka kwa mgonjwa. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alieleza habari za mtu aliyepatwa na kiharusi akashindwa kusoma, ingawa aliona, alizungumza na hata kuandika. Alichokiandika mwenyewe hakuweza kukisoma. Herufi aliitambua kwa kuifuatisha kwa kidole.

Mashine za MRI, zinazofuatilia oksijeni katika damu ya ubongo, ziliwezesha kuliona eneo hilo kwa watu wenye afya. Mwaka 2010, Stanislas Dehaene, Laurent Cohen na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: 10 hawakujua kusoma, 22 walijifunza ukubwani, 31 walisoma tangu utotoni. Kadiri mtu alivyosoma vizuri, ndivyo eneo hilo lilivyoitikia maandishi kwa nguvu. Waliojifunza ukubwani nao walibadilika, habari njema kabisa kwa walimu wa kisomo cha watu wazima. Kwa wasiojua kusoma, mahali hapohapo paliitikia zaidi nyuso za watu. Kwa wasomaji mwitikio huo ulipungua kidogo.