Kile Kioo cha Gari Kinachoongea Kijapani

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana, msinilaumu. Leo namjibu mdogo wangu, aliyenitumia picha ya gari lake la mtumba kutoka Japani. Gari safi kabisa! Ila kioo cha kwenye dashibodi kinaandika Kijapani kitupu na kudai diski ya ramani, na redio inaishia 90 FM. Anauliza: "Dada, hii si kompyuta? Mbona haiijui Dar?"

Redio ni jibu fupi: masafa ya FM ya Japani yalianzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zetu za juu ya hapo hazimo. Kioo ndicho chenye historia.

Mwaka 1981 Honda walitoa kifaa kiitwacho Electro Gyrocator. Setilaiti hakuna. Ndani mlikuwa na mkondo wa gesi uliohisi gari linapokata kona, na ramani ilichapwa kwenye plastiki angavu unayochomeka mbele ya kioo. Mahali pa kuanzia unapaweka mwenyewe. Mwaka 1985 Wamarekani wakaleta Etak, ramani zake ziko kwenye kaseti, jamani, kama zile tulizokuwa tukizizungusha kwa kalamu! Mwaka 1990 Mazda wakauza Eunos Cosmo yenye GPS ya kiwandani, huko huko Japani. Raia wa kawaida walipata GPS iliyo sahihi zaidi Mei 2000, pale serikali ya Clinton ilipoacha kuyapotosha makusudi mawimbi ya setilaiti.

Sasa angalieni: ramani ilichaguliwa na kiwanda. Gari la kuuzwa Japani lilipewa Japani tu, basi.

Ndiyo maana mimi nawapenda wale waliojitengenezea. Hapa Uingereza, mjini Cambridge, mwaka 1999 kampuni ndogo ya Empeg ilianza kuuza redio ya gari ambayo kwa kweli ni kompyuta ya Linux yenye diski ya kuhifadhia nyimbo. Unaichomoa, unaingia nayo ndani, unaijaza nyimbo. Halafu mwaka 2001 VIA wa Taiwan wakaleta Mini-ITX, bodi ya kompyuta ya sentimita 17 kwa 17. Hapo watu wakaanza kuchonga dashibodi: kioo cha kugusa cha inchi 7, kipokezi cha GPS, na waya wa kusoma hitilafu za injini.

Kazi ngumu ilikuwa umeme. Ukipiga stata, volti 12 za betri zinashuka ghafla na kompyuta inazimika. Sisi wauguzi tunaielewa shida hiyo, mashine ya mgonjwa haingoji jenereta iwake. Wao walitumia kifaa cha umeme kinachovumilia mpaka volti 6, na kinachoizima kompyuta yenyewe ukishatoa funguo. Bila hicho asubuhi unakuta betri imekufa. Lakini ukimaliza, unaweka ramani unayotaka wewe.

Simu za kisasa zilikuja kuwapunguzia kazi, na leo redio za Android zinauzwa hadi Kariakoo.

Kwa hiyo mdogo wangu, usihangaike kutafuta diski. Hata ukiipata itakuonyesha Osaka. Ramani za mitaa yetu zipo: kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa ya Dar inayofurika, na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Funga redio ya Android, ila kwanza hakikisha AC yako haiendeshwi kupitia kioo hicho hicho. Mwambie fundi asikate nyaya za kiwandani, anunue soketi ya kuunganishia.

Na kioo cha zamani usikitupe. Niwekee, nakuja Desemba. Msalimie mama.