Kumbukumbu ya Kompyuta, Kutoka Hazina hadi Kaniha

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha, yaani Hazina, jijini Dar es Salaam ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Mashine hiyo ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza kwa jina jingine, na mnunuzi alichagua kumbukumbu ya herufi 10,000, 20,000 au 40,000. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama ushanga. Miaka 40 baadaye, gemu la GTA: San Andreas lilipotoka kwa upande wa kompyuta, lilidai kumbukumbu, yaani RAM, ya MB 256 kwa uchache. Hiyo ni zaidi ya mara 6,000 ya kile ambacho ICT 1500 ingeweza kubeba ikijazwa hadi mwisho.

Kati ya mashine ya Hazina na kijana wa Kaniha, huko Biharamulo, wilaya ya Kagera inayopakana na Ngara, anayetaka kucheza San Andreas leo, kuna historia ndefu. Sehemu kubwa yake ni historia ya watu kukosa nafasi ya kuchagua.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kompyuta zilikuwa zimemeza fedha za kigeni, wataalamu wa kuziendesha walikuwa wachache, na mpango wa kuziachia hesabu za serikali ulikuwa umekwama. Aliyehitaji mashine alilazimika kuomba kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980 na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Watoto wa kwingineko walipokuwa wakichomeka Atari na Nintendo kwenye televisheni za sebuleni, mtoto wa Bara hakuwa na kioo cha kuchezea.

Ubaya ni kwamba marufuku hiyo iliangukia miaka ileile ambayo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ikibadilika kuliko wakati wowote. Robert Dennard wa IBM alipata hataza ya kumbukumbu ya DRAM mwaka 1968, na mwaka 1970 Intel ikatoa chipu ya 1103 yenye biti 1,024. Vipete vya sumaku vikaanza kutoweka. Nchi iliyokuwa imefunga mlango ilipoufungua, ilikuta megabaiti.

Ngara ilikutana na teknolojia kwa njia ya majonzi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco, wilayani Ngara. Mashirika ya misaada yaliwafuata na jenereta zao, redio za mawasiliano na kompyuta. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanza kurusha matangazo kutoka wilayani humo. Wakati huo kompyuta ilikuwa kifaa cha ofisi, na jenereta ikizimwa, imekufa.

Umeme ndio kiini cha jambo lenyewe. Kila biti ndani ya RAM ni chaji ndogo inayovuja, hivyo kompyuta huijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Umeme ukikatika, mechi ambayo haikuhifadhiwa kwenye diski imekwenda. Ngara na Biharamulo ziliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na mradi wa umeme wa Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umekuja juzi tu. Laini yake ya upande wa Tanzania inakatiza wilaya hizo hadi Nyakanazi.

Umeme ulipofika, mashine zilizofuata zilikuwa nyingi za mtumba: Dell na HP zilizostaafishwa na ofisi za ng'ambo. Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ina sloti 4 za DDR3 na inabeba hadi GB 32, ingawa mara nyingi huuzwa ikiwa na GB 4. Hapa ndipo mnunuzi anapoanza kuchagua, na hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanauliza GB peke yake.

Chukua kipande kimoja mkononi usome lebo: 4GB 1Rx8 PC3-12800U. PC3 ni DDR3, kizazi cha 2007. Namba 12800 ni kasi ya megabaiti kwa sekunde. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu, na R ni ya seva. RAM za R huuzwa bei ya chini zikiwa mtumba, lakini kwenye OptiPlex hazifanyi kazi kabisa. DDR3 ya mezani ina pini 240 na DDR4 ya 2014 ina pini 288, na pengo la kila kizazi limewekwa mahali tofauti. Ikigoma kuingia, usiisukume.

Kuna jambo la pili, na kwa wachezaji wa huku ni kubwa kuliko la kwanza. Kompyuta isiyo na kadi ya picha hukopa RAM ya kawaida kwa ajili ya michoro. Vipande viwili vya GB 4 vikikaa kwenye sloti zinazooana hufungua njia mbili za data, ilhali kipande kimoja cha GB 8 hutumia njia moja. Ukubwa ni uleule, lakini gemu linacheza tofauti. GTA V ya 2015 ilitaka GB 4 kwa uchache na ikapendekeza 8. Kwa hiyo 4 na 4 ni mwanzo wa heshima. Mwenye DDR4 ya 3200 naye aingie kwenye mipangilio ya BIOS awashe XMP, inayoiruhusu RAM kufikia kasi yake, la sivyo huenda RAM yake ikatembea kwa 2133 au 2400 miaka yote.

Bei haijawahi kutulia. Julai 1993 kiwanda cha Sumitomo kilichotengeneza malighafi ya chipu huko Niihama, Japani, kiliungua, na bei ya RAM ikaruka duniani kote. Mwishoni mwa 2025 iliruka tena, safari hii kwa sababu vituo vya akili unde vilikuwa vikinunua kwa wingi. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo anayetoka Kaniha kwenda Mwanza kutafuta RAM hasubiri tena kivuko. Kabla ya kupanda basi, afungue kompyuta yake na kupiga picha lebo ya RAM iliyomo. Dukani aombe pacha wa hiyohiyo, na ijaribiwe akiwa palepale kabla hajatoa hela.