Vidole vilivyomlisha Rachmaninoff

Desemba 1917, wiki chache baada ya Wabolsheviki kutwaa madaraka, Sergei Rachmaninoff alivuka mpaka wa Urusi kuingia Finland, akiwa na mkewe Natalia na binti zao wawili. Mwaliko wa kupiga piano Stockholm ndio uliompa upenyo. Shamba la Ivanovka, alikotungia kazi zake nyingi, hakulitia machoni tena.

Alikuwa na miaka 44. Kwao alisifika kama mtunzi na kiongozi wa okestra. Piano aliipiga zaidi kuonyesha tungo zake mwenyewe. Mkimbizi mwenye familia, lakini, hali tungo. Ile preludi yake maarufu ya 1892, ambayo hadhira iliidai kila alikokwenda mpaka akaichoka, alikuwa ameiuza kwa rubli 40, na ng'ambo haikulindwa na hakimiliki.

Basi akakaa kujifunza muziki wa wengine, Beethoven na Chopin na Liszt, mtu mzima anayeanza kazi upya. Novemba 1918 alishuka New York, siku moja kabla ya Vita Kuu kusimama. Kuanzia hapo maisha yakawa treni, hoteli na jukwaa. Umbo lilimsaidia: inasemekana mkono wake mmoja uliweza kutanda kutoka do hadi la ya oktava inayofuata.

Fedha zilikuja, naye hakuzifumbata. Mwaka 1923 alimpa mhandisi Igor Sikorsky, Mrusi mwenzake aliyekuwa akihangaika kuunda ndege Long Island, dola 5,000. Huyo ndiye baadaye aliyetamba kwa helikopta.

Kilichopungua ni utunzi. Aliondoka Urusi akiwa amefikisha opus 39. Katika miaka 25 iliyobaki aliongeza sita tu. Wengi husema ni simanzi ya kukosa kwao. Sikatai, ila ratiba nayo ilimbana: Rapsodia ya Paganini aliiandika kiangazi cha 1934, kwenye nyumba yake kando ya Ziwa Lucerne, Uswisi, matamasha yalipopumzika.

Onyesho la mwisho alilifanya Knoxville, Tennessee, Februari 1943, saratani ikimla. Alifariki Beverly Hills tarehe 28 Machi, akazikwa jimbo la New York. Mwaka 2015 waziri wa utamaduni wa Urusi alitaka mabaki yake yarejeshwe. Wazao wake wakakataa.