Kanisa Dogo la Mbweni

Mgeni afikaye Unguja akiuliza habari za utumwa huongozwa Mkunazini, penye Kanisa Kuu la Kristo lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Ni haki aende. Lakini kusini ya Mji Mkongwe, karibu na ufuko wa Mbweni, lipo kanisa jingine la Kianglikana, dogo, lenye mnara wa mawe na makaburi kando yake. Mkunazini humkumbusha mtu mahali mwanadamu alipouzwa. Kanisa la Mtakatifu Yohana la Mbweni humuuliza jambo jingine: aliyeachwa huru aliishi vipi siku ya pili yake?

Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871 na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo ilikuwa imehamia Unguja mwaka 1864. Hapo ikajengwa skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza zilipoyakamata, waliookolewa walihitaji pa kukaa. Baadhi yao walipelekwa Mbweni, wakapewa nyumba ndogo na vipande vya ardhi vya kulima. Kanisa lililokamilika mwaka 1882 lilikuwa lao.

Watu hao hawakuwa na asili moja. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kilichowaunganisha ni Kiswahili. Askofu Edward Steere, aliyekusanya ngano za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, alishikilia kwamba mafundisho na sala ziwe kwa lugha hiyo. Alifariki mwaka uleule wa 1882. Kwa hiyo wapenzi wa lugha, wa dini yoyote, wana sehemu yao katika kuta hizi: hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya kuanzia maisha upya kwa watu walionyang'anywa kwao.

Mmoja wa waliofanya kazi Mbweni ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa Unguja utotoni akiwa mtumwa. Baadaye alikwenda Chitangali, bara, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Jina la kigeni alilipokea, lakini Majaliwa halikufutwa. Katika makaburi ya kanisa amelazwa Caroline Thackeray, Mwingereza aliyefika mwaka 1877, akaiongoza skuli kwa miaka mingi na kubaki Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926. Mwalimu na waliokuwa watumwa wamo katika udongo mmoja.

Haifai, hata hivyo, kuipamba habari hii kupita kiasi. Ardhi ilikuwa mali ya misheni, na kanuni za kuishi juu yake zilikuwa za misheni. Aliyetoka mikononi mwa bwana aliingia chini ya mlezi, na ulezi nao una amri zake. Kisheria, utumwa wenyewe haukuondolewa Unguja ila mwaka 1897. Jengo la Mbweni lina thamani kwa sababu linashuhudia yote mawili, rehema na mipaka yake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mbweni iko nje ya mipaka hiyo, na jengo dogo lililo mbali na njia ya wageni husahaulika upesi. Jiwe la matumbawe na chokaa hupitisha unyevu. Likipakwa saruji, maji na chumvi hunaswa ndani, na ukuta huoza huku uso wake ukionekana mpya. Wema usio na ujuzi unaweza kuharibu kuliko mvua. Wanaolitunza wanahitaji fundi wa chokaa, na pia mtu wa kuyanakili majina ya makaburini kabla hayajafutika. Waliozikwa pale waliwahi kuhesabiwa kwa vichwa sokoni. Haifai wahesabiwe hivyo mara ya pili.